Nani amefunga turbo kwenye 1HZ ya zamani? Injini iliishi muda gani?

#1 DerevaWaKaratu

Wakuu, habari za leo.

Nina Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996, injini 1HZ (dizeli isiyo na turbo), ile iliyorefushwa na kufunguliwa paa kwa ajili ya wageni. Nimeendesha magari ya watu miaka kumi na moja, na hii ndiyo ya kwanza kuwa na kadi yenye jina langu. Ndiyo inayosomesha watoto, kwa hiyo naomba mnijibu mkijua hilo.

Shida yangu ni milima. Nikibeba wageni sita, friji, maji na mabegi, mlima wa Mto wa Mbu naupanda kwa gia ya tatu, siku nyingine ya pili. Kutoka geti la Loduare hadi ukingoni Ngorongoro ni ya pili mwanzo mwisho, na moshi mweusi nyuma mpaka wenzangu wanaonifuata wanafunga vioo. Kubaya zaidi ni kupanda kutoka ndani ya kreta saa nane mchana. Sindano ya joto inaanza kusogea, nafungua hita ili injini ipumue, na wageni wanauliza mbona miguu inaungua.

Sasa kuna jamaa ana turbo ya mtumba (ile ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini) na manifoldi yake, yaani bomba la kukusanya moshi wa injini, anasema anaifunga kwa siku tatu na gari itapaa. Wengine wananiambia nitaua injini kabla msimu haujaisha. Nataka kusikia waliofanya kwa mikono yao au kwa hela zao. Mlipata nini, mkapoteza nini?

#2 Kipepe

Nimeweka kambi hapa. Nina Land Cruiser 105 yenye injini hiyo hiyo na maswali hayo hayo.

#3 HediMbili

Mkuu, usifanye. Nakuambia kwa uchungu.

Nilikuwa na HZJ79, pikapu tunayoiita mkonga, nabeba mahindi na samaki njia ya Tunduma kwenda Sumbawanga wakati huo vumbi bado limetawala. Nikafunga turbo. Miezi minane ya kwanza nilikuwa mfalme. Nilikuwa napita fuso mlimani na tani juu. Halafu nikaanza kuongeza maji. Mwanzo nusu lita kwa wiki, baadaye lita kwa safari. Hakuna tone chini ya gari. Asubuhi ukiwasha, inatetemeka kama dakika moja kisha inatulia.

Tulipoishusha hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu), fundi aliifuta kwa kitambaa chenye petroli akaniita. Kati ya valvu mbili za silinda ya tano kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Ya sita hivyo hivyo. Nikanunua hedi nyingine, nikaondoa turbo, gari niliuza mwaka uliofuata kwa sababu nilikuwa nimeshaichukia.

#4 Timboroa

Pole @HediMbili. Swali moja: fundi wako aligusa pampu ya dizeli?

#5 HediMbili

Aligusa. Ile skrubu ya nyuma ya kuongeza dizeli aliizungusha, akasema turbo bila dizeli ni mapambo. Geji ya joto la eksozi sikuwa nayo, wala sikuwa najua kwamba kuna kitu kama hicho.

#6 Timboroa

Basi kilichokuua ni dizeli, si turbo.

Mimi niko upande wa Eldoret, HZJ78, nabeba watu wa mradi na vifaa vyao. Nilifunga turbo, nikaweka presha isivuke psi 7 (psi ndiyo kipimo cha presha), pampu nikaiacha jinsi ilivyotoka kiwandani. Nimetembea zaidi ya kilomita 140,000 tangu siku ile. Hedi haijafunguliwa.

Hebu fikirieni hivi. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Hewa pale imepungua zaidi ya robo ukilinganisha na Mombasa, lakini pampu inaendelea kupuliza dizeli ya Mombasa. Dizeli nyingi, hewa kidogo, ndio moshi mweusi, ndio joto. Turbo yangu ikifika psi 4 pale juu, injini inadhani iko Mombasa. Sijaongeza nguvu ya ajabu, nimeirudishia ile iliyoibiwa na mlima. Ngorongoro kwenu ni hadithi hiyo hiyo.

#7 Kipepe

Mbona watu mnaogopa sana? 1HZ na 1HD-T ni injini moja. Toyota walichukua 1HZ wakaweka turbo wakaita 1HD-T. Kama kiwanda kimefanya, fundi wa Unga Limited, Arusha, atashindwaje?

#8 FundiPampu

Hapana @Kipepe, hili limeua injini nyingi, tuliweke sawa.

Zinafanana kwa nje. Zote silinda sita, cc 4,164, kipenyo mm 94, mwendo wa pistoni mm 100. Ila ndani ni watu wawili tofauti. 1HZ inapuliza dizeli kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya hedi. Moto unaanzia humo, halafu unatoka kwenye tundu jembamba kuja kusukuma pistoni. 1HD-T inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni yenye bakuli. Mgandamizo wa 1HZ ni 22.4 kwa 1, wa 1HD-T ni 18.6 kwa 1. Pistoni zimetengenezwa kwa kazi tofauti, pampu pia. Ile ya 1HD-T ina kifaa juu yake kinachosoma presha ya turbo na kuongeza dizeli pale tu hewa inapokuwa imefika.

Kwa hiyo ukiweka turbo kwenye 1HZ hujatengeneza 1HD-T. Umeweka hewa zaidi kwenye injini ambayo tayari inabana sana, na ambayo moto wake unaanzia ndani ya hedi. Ndiyo maana hedi inapasuka kati ya valvu na kuelekea kwenye chemba, kama alivyoona @HediMbili kwa ukucha wake.

Sijasema haiwezekani. Australia wamefunga turbo kwenye 1HZ kwa miaka mingi, kuna seti nzima za kununua. Nasema tu msije mkadhani kiwanda kimeshawafanyia kazi hiyo.

#9 Kipepe

Nimeelewa fundi, asante. Miaka yote nilikuwa naamini vile.

#10 DadaGiaboksi

@DerevaWaKaratu kabla ya turbo, una tairi gani? Na difu (gia za ekseli) ni ya kiwandani? Wenye magari ya wageni mnapenda tairi kubwa, halafu mnalia gari haina nguvu.

#11 DerevaWaKaratu

Nilitoa 7.50R16, nikaweka 285/75R16. Difu sijagusa.

#12 Mwanagereji

Hapo hapo! Mchawi ameonekana. Rudisha tairi zako, hiyo hela ya turbo ukanunue mabati.

#13 DadaGiaboksi

@Mwanagereji mimi ndiye niliyeuliza na sikubaliani na wewe. Piga hesabu. 7.50R16 ina urefu wa karibu mm 808 kutoka chini hadi juu, 285/75R16 ni kama mm 834. Tofauti ni asilimia tatu tu. Kweli ni pana na ni nzito zaidi, kwenye mchanga inakula nguvu, lakini asilimia tatu haiwezi kumtoa mtu gia ya tatu ikampeleka ya pili. Kuna kitu kingine.

Nina mawazo matatu kichwani. Pampu imechoka, nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, au hewa haiingii. Gari ya miaka hii ikitoa moshi mweusi mlimani, watu wanakimbilia kusema haina turbo. Mpya zilikuwa zinapanda mlima huo huo bila turbo na wageni ndani.

#14 MzeeWa2H

Vijana, hamjambo.

Nilikuwa na HJ60 yenye 2H, lita nne bila turbo, tangu ikiwa na rangi yake ya kwanza. Ndugu yangu akanunua HJ61 yenye 12H-T, iliyotoka kiwandani na turbo. Tulikuwa tunapanda mlima Kitonga pamoja. Yeye anafika Ilula anaagiza chai, mimi nafika anamaliza. Nikafunga turbo kwenye 2H.

Nilichojifunza ni kwamba injini ilikubali, mimi ndiye niliyeshindwa kubadilika. Nilipokuwa sina turbo, mguu ukiwa chini na gari imegoma, nilikuwa nashusha gia. Nilipopata turbo nikaacha kushusha. Nikawa naisukuma mlimani kwa gia ya nne na mizunguko ya chini, moto unawaka ndani na pampu ya maji inazunguka polepole. Usiku mmoja nilisimama juu ya Kitonga nikafungua boneti. Manifoldi ilikuwa nyekundu kama kaa la jikoni. Niliogopa. Tangu siku hiyo nikapanda kwa gia ya chini, mizunguko ikiwa juu kidogo, na haikuwahi tena kuwa nyekundu.

Kwa hiyo @DerevaWaKaratu, kabla ya kuuliza injini itaishi muda gani, jiulize utaiendeshaje.

#15 DerevaWaKaratu

Shikamoo mzee. Hilo la manifoldi nyekundu nitalikumbuka. Kwa kweli nami huwa nang'ang'ania gia ya tatu mpaka ikohoe, kwa sababu nikishusha wageni wanalalamika kelele.

#16 MzeeWa2H

Marahaba. Waambie wageni hiyo kelele ndiyo injini inapumua.

#17 PatrolY60

Natabasamu tu huku. Wenye Nissan Patrol TD42 tunafunga turbo tunaendelea na maisha. Kiwanda chenyewe kilitoa TD42T. Uzeni hizo Toyota.

#18 Mwanagereji

Tutauza, na spea za Patrol tutazipata wapi Mto wa Mbu? Boliti ya HZJ naipata hata kwa muuza nyanya.

#19 PatrolY60

Hapo umenipata. Nozeli zangu nilizisubiri wiki tano.

Ila kwa dhati, TD42 nayo ni ya chemba ndani ya hedi kama 1HZ, na mgandamizo uko juu vilevile. Sasa kama sababu ya hedi kupasuka ni chemba na mgandamizo, mbona hizi zinavumilia? @FundiPampu nisaidie hapo.

#20 FundiPampu

Swali zuri na sina jibu moja. Ninavyoona kwenye benchi, hedi ya 1HZ ni nyembamba pale katikati ya valvu kuliko ya TD42, na njia za maji zinapita vingine. Fundi mwenzangu anabisha, anasema tatizo ni magari ya 1HZ kuwa na rejeta zilizooza na watu kuongeza maji ya mtoni badala ya kulenti (maji maalumu ya kupoza injini). Anasema hedi nyingi zilizopasuka alizofungua hazikuwa hata na turbo.

#21 HediMbili

Yangu ilikuwa na kulenti safi. Nilikuwa nanunua mwenyewe.

#22 Timboroa

@FundiPampu nikubali tu kwamba kwenye altitudo turbo ni dawa, tumalize.

#23 FundiPampu

Nusu nakubali. Ulisema ukipata psi 4 injini inadhani iko Mombasa. Kwa presha, sawa. Ukingo wa Ngorongoro ni kama mita 2,300, presha ya hewa ni karibu asilimia 77 ya pwani, kwa hiyo psi 3 na ushee zinakurudisha usawa wa bahari. Lakini turbo ikibana hewa inaipasha pia. Hewa ya moto ina uzito mdogo kuliko ya baridi kwa presha ile ile. Kwa hiyo unarudi karibu na Mombasa, ila hufiki. Pili, ukishuka Mto wa Mbu, ambako ni kama mita 1,000, psi 7 zako si fidia tena, ni nyongeza halisi juu ya injini ambayo haikuzitarajia.

Kuna jambo watu hawalijui. Baadhi ya pampu za 1HZ zina kopo dogo juu yake la kufidia mwinuko. Linapunguza dizeli lenyewe gari inapopanda juu. @DerevaWaKaratu angalia kama yako inalo, na kama lipo, kama bado linafanya kazi. Nimeona nyingi zimefungwa kwa waya na fundi aliyetaka gari "ivute". Ndipo moshi unapotoka.

#24 Kipepe

Wenye turbo, ulaji wa dizeli ukoje? Mimi nacheza kwenye km 8 kwa lita barabara nzuri.

#25 Timboroa

Mimi nilipata unafuu kidogo mlimani, kwenye tambarare hakuna tofauti.

#26 HediMbili

Mimi iliongezeka. Tuseme ukweli, uliongezeka mguu wangu.

#27 BintiMuscat

Salamu kutoka Muscat. Land Cruiser nyingi za huku ni za petroli, lakini baba yangu alitoka Zanzibar na dizeli moyoni, akaleta HZJ75 akaifunga turbo. Kiangazi huku kinapita 45. Alijifunza jambo la intakula, kile kipoza hewa ya turbo: aliweka kubwa mbele ya rejeta ili hewa ya turbo ipoe. Hewa ya turbo ikapoa kweli, maji ya injini yakachemka, kwa sababu rejeta ilikuwa inapokea upepo ulioshapashwa moto. Akaihamishia juu ya injini na kutoboa boneti. Kwa mwendo wa kreta, kilomita 15 kwa saa bila upepo, nadhani ya mbele ingewapa shida zaidi.

#28 DadaGiaboksi

Hii point ya mwendo mdogo ni nzito sana. Gari ya wageni inapanda polepole, feni ndiyo kila kitu. @DerevaWaKaratu kapulingi ya feni (kiungo kinachoishika feni izunguke na injini) uliiangalia lini? Ikiwa injini ni ya moto na feni unaweza kuizungusha kwa kidole bila ugumu wowote, mafuta yake yamekwisha.

#29 MsafiriWaMakete

Nasoma toka asubuhi na bado sijaona mtu anataja kubadilisha injini nzima. Chukua 1HD-FT ya mtumba, ile ya valvu 24. Pampu yake bado ni ya kimakanika, haina kompyuta. Kwenye HZJ inashika mikono (vishikio) ya injini na giaboksi bila kukata chasisi. Imezaliwa na turbo. Unalala usingizi.

#30 Mwanagereji

Kabla ya kulala, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) ubadilishe beringi za konrodi. 1HD-T za mwanzo zinajulikana kwa kula beringi hizo, na mtumba huwezi kujua kama zilishabadilishwa. Na injini ya mtumba inakuja bila historia. Yake ya sasa anaijua kila kikohozi chake.

#31 MsafiriWaMakete

Nimesema FT, si T. Ila hoja ya beringi naipokea. Yangu nilibadilisha kabla haijaingia kwenye gari.

#32 FundiPampu

Kwa watakaoamua kufunga, ngoja niandike yale ninayoyarudia kila wiki, kwa sababu nimechoka kuona turbo nzuri zikifa kwa uzembe.

Njia ya oili kurudi ndiyo inayowashinda wengi. Oili inaingia turbo kwa presha, lakini inatoka kwa uzito wake tu. Mpira wa kurudi uwe mnene, ushuke moja kwa moja, na uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukiwa na tumbo katikati, oili inajaa ndani ya turbo, inapita sili, na gari inaanza kutoa moshi wa bluu. Mtu anasema turbo mbovu, ananunua nyingine, nayo inafanya vilevile.

Ukifika juu ya mlima usizime hapo hapo. Acha injini iungurume dakika mbili tatu. Turbine iko moto sana, ukizima oili inasimama na kuungua pale pale kwenye beringi. Niliwahi kufungua moja, tundu la oili lilikuwa limezibwa na kitu cheusi kigumu, nikakitoboa kwa sindano ya kushonea viatu.

Kisha hewa. Vumbi la Serengeti likipita kwenye kiungo kilicholegea kabla ya turbo, linasaga meno ya kompresa kama msasa. Rasta za ile barabara zinalegeza kila klipu. Kagua kwa mkono, si kwa macho.

Na geji ya joto la eksozi, sensa iwe kwenye manifoldi KABLA ya turbo. Ukiiweka baada yake, unasoma nyuzi mia moja au zaidi chini ya ukweli.

#33 PatrolY60

Na kikomo ni ngapi? Mimi nilifundishwa nisivuke nyuzi 720.

#34 Timboroa

Mimi 650 kwa kupanda mfululizo. Ikigusa 700 kwa sekunde chache naachia mguu.

#35 FundiPampu

Kwa 1HZ mimi naunga mkono 650 kwa mlima mrefu. Lakini @PatrolY60 hajakosea kwa injini yake. Namba moja kwa injini zote haipo.

#36 HediMbili

Na kwenye mlima, na wageni wanaongea, nani ataangalia geji?

#37 Timboroa

Mwenye gari. Yule ambaye jina lake liko kwenye kadi.

#38 BintiMuscat

Na bima? Huku ukibadilisha injini au ukiongeza turbo unatakiwa useme.

#39 DadaGiaboksi

Hata hapa, mwambie wakala wako wa bima kwa maandishi. Gari ya kubeba watu si ya kucheza nayo.

#40 DerevaWaKaratu

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Asanteni wote. Nimefanya kazi, nawaletea mrejesho.

Kwanza kapulingi ya feni. @DadaGiaboksi nilijaribu kama ulivyosema, injini ya moto, feni ikazunguka kwa kidole kama ya mtoto. Nimeweka nyingine.

Pili, mpira unaotoka kwenye mkonga (bomba la kuvuta hewa) kwenda kwenye boksi la filta ulikuwa umepasuka upande wa chini, pale usipoonekana. Niliingiza mkono, vidole vikatoka na unga mwekundu. Filta yenyewe ilikuwa nzito kama tofali.

Tatu, nimepeleka pampu na nozeli kwa mtu wa benchi. Nozeli mbili zilikuwa zinachuruzika. Kopo la mwinuko lipo, na kweli lilikuwa limefungwa waya. Wameufungua.

Nne, turbo sijafunga. Nimenunua geji ya joto la eksozi kwanza. Tulitoboa manifoldi injini ikiwa inawaka, kekee imepakwa grisi, ili vyuma vitoke na moshi visibaki ndani.

Matokeo: juzi nilipanda kutoka Loduare na wageni wanne. Moshi umepungua sana, maji hayakusogea kabisa. Lakini bado ni gia ya pili sehemu kubwa. Na geji, bila turbo yoyote, ilisoma 640 nikiwa kwenye ya pili. Nilipong'ang'ania ya tatu ilipanda 690, nikaachia.

#41 HediMbili

Mnaona? Hajafunga chochote na tayari yuko 690. Aweke turbo juu ya hapo aende wapi?

#42 Timboroa

Mnaona? 690 bila turbo ni kwa sababu hewa haitoshi. Mpe hewa bila kumuongezea dizeli, hiyo namba itashuka. Hii ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

#43 FundiPampu

Wote wawili mmesoma namba moja na kila mtu ameona kwake. @Timboroa, ikiwa ataongeza hewa tu, nakubali joto litashuka. Lakini atakapopata nguvu atataka ya nne, na dizeli itafuata mguu. @HediMbili, namba hiyo ni baada ya kupata pampu nzima. Kabla ya hapo ilikuwa ngapi? Inawezekana amekuwa akipanda na 750 miaka yote na hedi haijapasuka.

#44 MzeeWa2H

690 kwenye ya tatu, 640 kwenye ya pili. Kijana, hiyo tofauti ya nyuzi hamsini ni mkono wako kwenye gia.

#45 MsafiriWaMakete

Bado nasema 1HD-FT.

#46 Kipepe

Mkanda wa taimingi uliubadilisha ulipokuwa umefungua pampu? Usije ukafika kilomita 100,000 ukasahau, pistoni zinagonga valvu.

#47 DerevaWaKaratu

Umebadilishwa, na kulenti mpya.

@FundiPampu kweli sijui kabla ilikuwa ngapi, na hilo linanisumbua. Yule jamaa wa turbo bado ananipigia. Nimemwambia asubiri. Jumamosi nashuka kreta na wageni sita na mzigo kamili, nitapanda kutoka chini mchana. Nitaandika gia, mwendo na joto kila kona.

#48 DadaGiaboksi

Andika na joto la maji, na saa uliyoanza kupanda. Saa nane na saa kumi na moja si mlima mmoja.